Mlevi Asiyenuka

Katika karakana ya kushona sare, fundi waliyemwita Bi Mstari alikuwa na dharau ya kumgawia kila mtu na nyingine ikabaki. Aliwadharau mafundi waliochora chaki kabla ya kushona, maana yeye mshono wa suruali aliupitisha kwa jicho tu, kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo, na ukatoka umenyooka. Aliwadharau wateja waliojipima kwa kamba za viatu kisha wakalalamika kwamba suruali inabana. Lakini dharau iliyonona aliwawekea walevi. Na mlevi wa kwanza kudharauliwa naye alikuwa baba yake mzazi, ambaye alikwishafariki na hakuweza kujitetea.

Ulevi wa mzee huyo ulikuwa wa aina yake. Alikuwa mpaka rangi, mtu wa ngazi na makopo. Siku moja akaanza kuyumba juu ya ngazi. Baadaye makopo yakawa yanamponyoka, maneno yakawa yanamtoka mazito kama ya mtu mwenye uji mdomoni, na tajiri wake akamwachisha kazi. Kila jioni mkewe alimsimamisha mlangoni, akamshika kidevu na kumwambia, "Fungua mdomo. Pumua." Mzee akapumua. Hakuna harufu. Mtu yeyote mwenye akili ya kuazima tu angesimama hapo akajiuliza. Nyumbani kwao hawakujiuliza. Mama alitoa hukumu papo hapo: "Anakunywa isiyonuka."

Na majirani, ambao kwa mambo ya wenzao wote ni maprofesa, waliafiki. Ipo, walisema, pombe isiyonuka. Shemeji ya fulani anajua inakouzwa. Hakuna aliyewahi kuiona, na huko kutoonekana kukawa ushahidi wa jinsi inavyofichwa. Mtoto wa kwanza, kaka yake Bi Mstari, alitumwa kunusa koti la baba yake. Akirudi kusema halinuki, mama alitikisa kichwa: "Umeona ujanja wake?" Mwisho nguo za mzee ziliwekwa nje ndani ya mfuko, naye akahamia chumba cha kupanga nyuma ya gereji, akawa anatembea kwa kushika kuta mpaka alipokufa kwa kifua. Mazikoni wakasema pombe imemmaliza. Waliosema walitoka hapo kwenda kunywa.

Watoto wakakua na sheria moja: hata tone. Kwao hata dawa ya kikohozi ilisomwa kwanza kibandiko. Bi Mstari aliishika sheria hiyo kuliko wote, na alipovuka miaka arobaini bila mume wala mtoto, alijisifu kwamba angalau hajawahi kuaibika.

Hujafa hujaumbika. Mstari wa Bi Mstari ukapinda.

Kwanza alilaumu uzi. Kisha akalaumu cherehani, akamwita fundi wa mashine na kumtukana kwa adabu. Fundi akajaribu kushona mwenyewe, mshono ukatoka sawa, akaondoka anacheka. Baada ya hapo ngazi za karakana zikawa zinamkosa mguu. Meza ya kukatia, ambayo ilikuwa palepale tangu aajiriwe, ikaanza kumgonga nyonga. Maji ya kunywa yakawa yanampalia. Na ulimi wake, ule uliokuwa mkali kuliko mkasi, ukawa unaburuta maneno.

"Jamani," alisema mwanamke wa kutoboa matundu ya vifungo, akiwa amejaza pini mdomoni, "kumbe na yeye! Siku zote anatusema, kumbe na yeye!"

Karakana nzima ikaburudika. Hakuna kitu kinachowafurahisha watu kama kumwona msafi amekanyaga tope. Msimamizi, mwanamume aliyependa kuongea huku akijipepea na karatasi, akamwita pembeni.

"Dada yangu, mimi mlevi siwezi kumpa mkasi. Nitafungwa."

"Mlevi nani?" Bi Mstari alifoka. "Njoo unuse! Haya, nusa!" Akaachama.

Na yule mtu mzima, mwenye mke na heshima zake, akainama akanusa. Akajiinua, akajipepea kidogo.

"Siku hizi kuna zisizonuka," alisema. "Niletee cheti cha daktari kinachosema wewe si mlevi. Bila hicho, usirudi."

Bi Mstari alisimama pale mdomo ukiwa bado wazi. Maneno hayo aliyajua. Aliyasikia mlangoni kwao utoto wake wote, na hakuwahi kuyaona ya kijinga mpaka yalipomwangukia yeye.

Akaanza kuzunguka kwa matabibu. Wa kwanza alimwambia ni presha, akampa vidonge. Wa pili akasema ni masikio, akayasafisha, na kweli akatoka anasikia vizuri zaidi watu wanavyomcheka. Wa tatu ndiye aliyekuwa na akili ya kusema hajui, akamwelekeza kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini.

"Unakunywa pombe, mama?"

Bi Mstari alinyakua mkoba wake.

"Kaa, kaa. Namwuliza kila mtu. Pombe ya miaka mingi huharibu sehemu hiyohiyo ninayoishuku, kwa hiyo lazima niulize. Ukisema hunywi, nakuamini."

Bi Mstari akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumwamini, na alichukia kwamba machozi yalimlengalenga mbele ya mtu asiyemjua. Daktari akamwambia aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, kisha pua tena; kidole kikapita pua kikafika shavuni. Akamwambia ateremshe kisigino juu ya mfupa wa mguu wa pili. Kikateleza huku na huku. Akamwambia atembee kisigino kikigusa vidole, kama anayepima uwanja kwa nyayo, na hatua chache tu ukuta ukamdaka. Zikafuata picha za ubongo, damu ya kutafuta upungufu wa vitamini na maradhi mengine, halafu damu nyingine iliyopelekwa mbali kupimwa chembe za urithi. Kusubiri kulimkondesha.

Majibu yalipofika, daktari hakuzunguka.

"Ugonjwa wako unaitwa ataksia ya kurithi. Huku kisogoni, juu ya shingo, kuna ubongo mdogo. Kazi yake ni kupanga mwendo: mguu ukanyage wapi, mkono usimame wapi, ulimi ugeuke lini. Wako umeanza kusinyaa. Misuli yako ni mizima, lakini mpangaji wake amechoka."

"Nimeutoa wapi?"

"Kwa mzazi. Zipo aina nyingi. Nyingine hazitokei mpaka hitilafu itoke kwa baba na kwa mama. Hii yako mzazi mmoja anatosha. Nani kwenu alikuwa anayumba?"

"Hakuna. Baba tu, na yeye alikuwa mlevi."

"Alikuwa anakunywa nini?"

Bi Mstari alifungua mdomo kujibu, akagundua kwamba hajui.

"Alinuka pombe?"

"Hata siku moja."

"Kuna aliyemwona akinywa?"

Daktari hakuhubiri, na kwa hilo apewe sifa, maana wengi wangeanza. Bi Mstari akalia kwa hasira. Aliwachukia majirani, akamchukia tajiri wa baba yake, na zaidi akajichukia yeye, aliyekuwa akipita gereji ile akitazama upande wa pili.

Akauliza kuhusu kupona. Daktari akamwambia dawa ya kuuondoa ugonjwa huo haijapatikana. Utaendelea, ila polepole, kwa miaka. Kwanza fimbo, huenda baadaye kiti cha magurudumu. Mazoezi ya mwili yatamsaidia asianguke, mtaalamu wa usemi atamfundisha kutamka na kumeza, na maji ayanywe kidogo kidogo, kidevu kikiwa chini. Akili kwa kawaida haiguswi sana.

"Na kaka yangu?"

"Kila mtoto wa mgonjwa ana sarafu yake ya kurusha. Nusu kwa nusu. Asiyerithi hana cha kuwapa wanawe. Aliyerithi anaweza kuwapa, na wakati mwingine kwa watoto huanza mapema zaidi. Kupimwa ni hiari ya mtu mzima, na asipimwe kabla ya kukaa na mtu akamweleza vizuri."

Akaandika cheti, kikasema kwamba mgonjwa si mlevi na kwamba maradhi yake ni ya kurithi. Bi Mstari hakukipeleka karakana siku hiyo. Alikwenda nacho kwa mama yake, akamwita na kaka.

Kaka sasa alikuwa muuza vitanda mwenye kitambi na binti wa kuoza; posa ilikwishapokewa, wakwe walikuwa watu wa majina. Binti alitumwa dukani ili asisikie. Kaka akasoma cheti, akakikunja haraka.

"Hiki hakiendi popote," alisema.

"Bila hicho sina kazi."

"Sikiliza, mdogo wangu. Ulevi ni wa mtu mmoja. Maradhi ya damu ni ya ukoo mzima. Wakwe wakisikia neno kurithi, watarudi kuoa hapa?"

Wifi yake naye, mwanamke aliyekuwa na dawa ya kila shida ya mwenzake, akaja na yake. "Sema tu ulikuwa unakunywa na umeacha. Watu wanapenda mtu aliyeacha. Watakupigia makofi."

"Na nikizidi kuyumba?"

"Tutasema umerudia."

Bi Mstari aliwatazama. Watu hawa, waliokuwa wakisoma vibandiko vya dawa ya kikohozi, sasa walikuwa wanamwomba awe mlevi, na walimwomba kwa upole, wakimsogezea chai. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini hawa walitaka aibu imfike yeye peke yake, wao waendelee na harusi. Akawageuzia kisogo, akamgeukia mama yake, bibi wa miaka mingi aliyekuwa amekaa pembeni hajatia neno.

"Mama, waambie wewe. Baba alikuwa mgonjwa."

Mama yake hakuinua uso.

"Alikuwa mlevi," alisema.

"Mama, daktari amesema—"

"Nilimtoa nje na mvua inanyesha. Aliushika mlango, nikambandua vidole kimoja kimoja." Bibi akajivutia kanga usoni. "Alikuwa mlevi, mwanangu. Niachie hivyohivyo."

Dharau yote aliyokuja nayo Bi Mstari ikakosa pa kukaa. Kwa kaka ilikuwapo bado, na kwa wifi ilijaa tele. Lakini kwa mama yake aliitafuta asiione. Akachukua cheti mkononi mwa kaka, akakitia mkobani.

"Kesho nakipeleka kazini," alisema, akatoka akishika kuta.

Yule binti wa kaka, aliyetumwa dukani, alikuwa nje, mfuko wa sukari mkononi. Kwa sura yake ilionekana alikuwa amesimama dirishani muda mrefu. Akampa shangazi yake mkono, wakatembea taratibu mpaka barabarani.

"Shangazi, na mimi?"

"Inategemea baba yako. Kama hana, huna. Kama anao, wewe ni nusu kwa nusu. Kuna daktari nitakupeleka, ukitaka. Usipotaka, nitanyamaza."

Binti aliendelea kutembea. Hakulia.

"Kwa hiyo babu hakuwa mlevi."

"Babu yako alikuwa mgonjwa," alisema Bi Mstari, akivuta kila neno mpaka litoke sawasawa. "Mwambie mchumba wako, waambie wakwe, mwambie kila mtu. Ila ukiwa mbele ya bibi yako, alikuwa mlevi."