Faili la Binti wa Fundi Cherehani

Jirani yetu fundi cherehani huzungumza na pini midomoni, ndiyo maana maneno yake hutoka upande mmoja, yamebanwa kama pindo. Kila kitu hukipapasa kwanza, hata kioo cha kompyuta aliyoachiwa na binti yake, kana kwamba anataka kujua kama kitachuja rangi kikifuliwa. Tangu juzi alikuwa akisoma faili alilotumiwa na binti huyo, aliyelazwa akisubiri kujifungua. Kompyuta ilimuuliza ilifungue kwa programu gani, naye akachagua ya kuandikia, maana barua huandikwa. Zikaja kurasa za visanduku na alama za kuuliza, akazifuata kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Ana maswali mengi mno," aliniambia. "Sijui nianze kujibu lipi."

Nikamwambia hiyo ni sauti, si barua. Nikabofya upande wa kulia wa kipanya, nikaenda kwenye "Fungua kwa", nikachagua programu ya muziki.

"Muziki wa nini, jirani, na mtoto yuko hospitali?"

Nikaweka tiki penye "Tumia hii daima", jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Yeye hata suruali anayoishona haahidi kuwa itadumu daima. Kisha sauti ikasema: "Baba, nimejifungua salama. Wa kike. Simu yako bado mbovu?"

Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola, akaiinamia kompyuta.

"Hongera, mama," akasema kwa mdomo mzima. "Bado mbovu. Umekula?"

Akatega sikio kwenye kioo, akisubiri sauti iliyorekodiwa imjibu.