Meli Yetu ya Karai

Enzi zetu pale Shauri Moyo, Nairobi, mvua kubwa ikinyesha, mtaro wa nyuma ya nyumba ulifurika, nasi watoto tukawa mabaharia bila kuiona bahari. Mliolelewa huko mnajua: kila Jumamosi karai moja la bati liliogesha watoto wote wa nyumba, ili Jumapili tuingie kanisani tukinukia sabuni. Karai hilohilo ndilo tulilolishusha mtaroni Jumamosi moja, Mama akiwa sokoni Gikomba.

Likiwa tupu, lilipinduka kila mara Halima, binti wa jirani, alipoingia. Tukalijaza mawe, likatulia kama mzee barazani, Halima akakaa ndani. Sasa likagoma kwenda! Tukasukuma, tukasukuma, mpaka kaka yangu Wafula akateleza akala matope. Halafu likaanza taratibu, likashika mwendo, maji yakijikusanya mbele yake kama kilima, sisi tukikimbia kando tukishangilia, hadi tulipoona daraja la zege.

"Lisimamisheni, nyinyi!" Halima akalia.

"Si wewe ndiye kapteni? Simamisha!" tukamjibu.

Akatumbukiza miguu yote miwili majini. Wapi! Akaruka. Karai likaendelea peke yake kwa adabu zote, likagonga zege: ngwaa!

Tulilibeba nyumbani, limebonyea. Likivuja, Jumapili tungekwenda kanisani tukinuka mtaro, tena tumechapwa. Baba, mtu wa reli, akalitazama, akatutazama, akacheka hadi akakaa chini.

"Kitu kizito kikishaondoka hakisikii amri," akasema, akilinyoosha kwa nyundo. "Husimamishwa kingali mbali."

Mama aliporudi, alilijaza maji, akangoja. Halikuvuja hata tone, Mungu ni mwema. "Haya, manahodha, ingieni!" Tukaoga tukicheka, maji yakimwagika upande wenye kibonyeo, na kesho yake tuliimba kanisani kuliko wanakwaya.

Juzi mjukuu wangu anayeishi mtaa wa Pipeline alinionyesha kwenye simu meli kubwa kama mtaa ikikaribia bandari.

"Shosh, wamezima injini na bado wako mbali! Si wakanyage tu breki?"

Nilicheka mpaka machozi. Watoto wa siku hizi wana bahari nzima kiganjani, ila hawajawahi kusukuma karai. Ningemfundisha kwa mvua moja tu. Karai ningali nalo, kibonyeo na vyote. Mtaro ndio uliofunikwa saruji.