Kanuni Niliyoitunga Nikinyoa Ndevu

Nichekeni mmalize, maana aibu niliyoipata kwenye gusaba, sherehe ya posa ya Uwase, binti wa marehemu kaka yangu, bado inanichoma kila nikipita sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wa bibi harusi, na kazi ya msemaji mnaijua: unawazungusha wageni kwa maneno, unajifanya unakataa, watu wanacheka, mwisho unatamka "tumewapa" na binti anaitwa kutoka ndani. Bila neno hilo hakuna ndoa. Mimi nikaona mizaha ya kawaida hainitoshi (kichwa kilishavimba, si nilikuwa na shuka jipya la sherehe begani!), nikatangaza:

"Nyumba hii haiamini neno lolote lisilo na mashahidi wawili!"

Makofi. Wageni wakatoa wawili kushuhudia kwamba kijana wao ni mwema, nikaridhika, nikanyanyua mkono niseme tumewapa, ndipo msemaji wao, Mzee Faustin muuza viazi wa soko la Mahoko, akauliza kwa upole:

"Bon, na hiyo neno yako yenyewe, mashahidi yake wawili iko wapi?"

Nikasema marehemu baba alikuwa akiisema (uongo mtupu, niliitunga asubuhi nikinyoa ndevu).

"Huyo ni mumoja, tena amekufa."

Nikamgeukia mke wangu, naye akasema, "Mi sijawahi kuisikia!"

Nikaropoka kwamba kanuni yenyewe haihitaji shahidi.

"Donc iko neno munaamini bure, bila shahidi," akasema Mzee. "Sasa kanuni iko wapi?"

Nikikubali imekufa, wale mashahidi niliwapokea kwa kanuni gani? Nikishikilia iko hai, mashahidi wake niwatoe wapi? Nikazunguka humo humo mpaka vicheko vikaisha, na shangazi wa kijana akaokota mkoba wake akasimama, akidhani tumewakatalia kweli.

Mara Uwase akatoka bila kuitwa, jambo lisilofanyika kwetu, wanja umechuruzika mashavuni.

"Baba mdogo, we unaamini mi namupenda?"

"Naamini," nikasema, kabla sijatafuta shahidi hata mmoja.

"Basi sema."

Nikasema. Vigelegele vikanifunika, afadhali.

Mpaka leo sielewi nilikosea wapi, ila nimeapa sitaamini tena kanuni yoyote ambayo haijajipima yenyewe. Nilimwambia mke wangu kiapo hicho kwa fahari, akaniangalia akauliza, "Na hiyo, umeshaipima?"

Nikamuomba chai.