Chip Niliunguza Mimi, Jicho Kabebeshwa Jirani

Admin, nifichie jina, maana mke wangu anaufuata huu ukurasa na huwa wa kwanza kukomenti.

Nina miaka hamsini na mbili, fundi redio hapa Same mjini, baba wa watoto watatu na kitambi ambacho mke wangu anakiita mtoto wa nne. Mama mkwe wangu yuko Usangi, ana mashine ya kutotolesha vifaranga. Sehemu inayopima joto ilipokufa akaniita mimi. Mkwe akikuita huwezi kusema hujui.

Nina kifaa nilichojiundia zamani kwa vipuri vya redio mbovu, cha kuingizia programu kwenye chip, ule ubongo mdogo wa mashine. Kinatoa volti tano. Chip mpya niliyoagiza ilitaka tatu na kidogo tu. Maelezo yake niliyasoma, ndugu zangu, tena kwa miwani! Nikajisemea itavumilia. Mezani ikafanya kazi vizuri, nikaifunga, nikanywa chai ya mkwe, nikashuka na bodaboda nikijiona injinia.

Siku ya kumi na mbili akapiga simu: "Baba Neema, njoo." Chip ilikuwa imepagawa, taa za joto hazizimi. Mayai yote yameoza, mengine yamepasuka yenyewe humo ndani. Harufu ile, hata shati nililifua mara tatu.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasema, "Ni Mama Zaina huyu. Alikuja juzi akayaangalia, akasema, 'Mwenzangu, utatajirika.' Ana jicho la husuda." Mama Zaina ni jirani yake, mjane, shoga yake tangu wameolewa pale. Na mimi, mwanaume mzima, nikaangalia chini nikasema, "Inawezekana, mama."

Inawezekana! Mpaka leo najionea aibu.

Nikarudi Same, nikakirekebisha kifaa. Nikaweka kipunguza volti, na rezista kwenye kila waya unaoingia kwenye chip. Nikaingiza programu kwenye chip nyingine, nikapanda Usangi kuifunga. Safari hii vifaranga wakatoka, wazima. Mama mkwe akapiga vigelegele: "Mnaona? Tangu nimkataze yule kukanyaga hapa!" Yaani kazi yangu nzuri ndiyo imekuwa ushahidi. Sasa wanawake wanafunika watoto wachanga Mama Zaina akipita.

Jumamosi, nikitoka kwa mkwe, Mama Zaina alinisubiri njiani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi, niambie ukweli. Jicho langu linaweza kuingia kwenye mashine?"

Nikamwambia nawahi gari. Hakukuwa na gari.

Nikisema, mkwe atajua nilimdanganya usoni, na heshima ya ukweni ndiyo imekwisha. Nikinyamaza, mama wa watu anazeeka na jina la mchawi kwa uvivu wangu wa volti mbili. Nitukaneni kwanza, nastahili. Mkimaliza mniambie: nikifika mbele ya mkwe, naanzaje?