Amri Iliyopakwa Rangi Ukutani

Mchwa wa Makwasinyi hawachagui karatasi. Wamekula vitabu vya shule, wamekula cheti cha ndoa cha mtu kikiwa ndani ya bahasha, na walikula karatasi za mwongozo za Eddah mara mbili kabla Fanuel hajachoka nao.

"Mama Daisy," Fanuel alimwambia kwenye simu, "ile ya pili nayo imeliwa. Wameanza na jina lako."

"Wameacha nini?"

"Wameacha misumari."

Eddah alicheka, jambo lililomfanya Lewis ageuke kwenye kiti chake, kwa maana hakuwa mwanamke wa kucheka ofisini. "Nitakutumia nyingine. Nitaitia ndani ya plastiki."

"Usijisumbue, dada. Nimeshaipaka ukutani. Rangi ya mafuta, ile iliyobaki kanisani. Mchwa akitaka, atafune simiti."

Fanuel alikuwa mlinzi wa lango kwenye ua unaozunguka mashamba chini ya mlima Kasigau. Ua wenyewe ulikuwa nyaya nyembamba, si wa kumzuia ndovu, bali wa kumtangaza. Ndovu akigusa waya, king'ora kinalia, taa zinawaka, watu wanaamka na masufuria yao. Asubuhi na jioni, ng'ombe wanapopita langoni, mlinzi hukinyamazisha king'ora kwa ujumbe mfupi wa simu: KIMYA LANGO 30. Maana yake, lango linyamaze dakika thelathini. Maneno hayo matatu ndiyo Fanuel aliyoyapaka ukutani mwa kibanda chake, kwa herufi za buluu zenye urefu wa kiganja.

Vyombo hivyo vilitengenezwa na ofisi moja ndogo ya Voi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Lewis ndiye aliyeandika programu. Eddah ndiye aliyeandika mwongozo, kile kitabu kinachomweleza mlinzi atume amri gani, kwa mfano halisi, neno kwa neno. Alizaliwa Bura, akamaliza kidato cha nne, akapiga chapa miaka mingi katika kiduka karibu na steji, barua za watu na risala za rambirambi. Mumewe alikuwa amekufa, na binti yake Daisy alikuwa na kwake Mombasa. Ofisi ilimchukua kwa sababu mwongozo wa kwanza uliandikwa kwa Kiingereza na walinzi wakausokotea tumbaku. Programu alijifunza kuisoma pole pole, kwa kumuuliza Lewis na kwa kuandika kila jibu.

Kazi ilichosha macho. Kila mfano wa amri ulikaa mahali pawili, ndani ya programu ya Lewis na ndani ya mwongozo wa Eddah, na Lewis alipogusa huku, kule hakukupata habari. Ilibidi Eddah afuate nyuma ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayefunga milango iliyoachwa wazi na mwingine. Na kila alipomaliza kurekebisha, aliinua simu, akawapigia walinzi mmoja mmoja.

"Fanuel, chukua brashi."

"Mmebadilisha tena? Huyo kijana wenu hana mke wa kumtuma dukani?"

"Paka, halafu nisomee."

Fanuel alipaka, akasoma herufi kwa herufi, na Eddah akafuatisha kwa kalamu. Hakuna aliyemwagiza kupiga simu zile. Hazikuandikwa popote katika kazi yake. Aliona tu kwamba kosa halijasahihishwa mpaka mtu anayelitumia ameusoma usahihi kwa mdomo wake.

Hata hivyo alikosea. Siku moja jicho lake liliruka mstari. Mlinzi wa lango la Mraru akatuma amri kama ilivyo kitabuni ili waombolezaji wapite, king'ora kikakataa kunyamaza, kikalia wakati wa maziko yote, mhubiri akamaliza ibada kwa ishara za mikono. Watu walicheka baadaye. Eddah hakucheka.

"Mimi ni mtu," alimwambia Lewis. "Nitaruka mstari tena. Hii mifano isipitie mkononi mwangu kabisa."

Lewis alikuwa kijana mzuri, hakumdharau. Kwa majuma kadhaa walikaa bega kwa bega. Waliweka alama ndani ya programu, moja pale mfano unapoanza na nyingine pale unapoishia. Tangu hapo, kila programu ilipohifadhiwa, mashine yenyewe iliukata ule mfano, ikautuma kwenye king'ora cha majaribio kilichokuwa mezani, mdomo wake umezibwa kwa sweta la Lewis. King'ora kikijibu sawa, mfano uliingia mwenyewe kwenye mwongozo, na mwongozo mpya ukapanda mtandaoni. Kikikataa, taa nyekundu iliwaka na mwongozo haukutoka. Mwongozo na programu visingeweza tena kusema maneno mawili tofauti.

Mwanzoni Eddah aliendelea kukagua kwa macho. Kila alipofungua ukurasa, alikuta kazi imeshafanyika. Basi akaacha. Alikaa mikono ikiwa mapajani, na usiku alilala.

Halafu mafundi wa ua wakalalamika kwamba wanahitaji kimya cha siku nzima wanapovuta nyaya, na kuandika mamia ya dakika kunawachanganya. Lewis alilizungumza wakati wa chai.

"Kuanzia leo namba itahesabu saa, si dakika. Nusu saa itakuwa sifuri nukta tano."

"Sawa," Eddah alisema. Kwa mazoea aliufungua mwongozo. Palipokuwa na KIMYA LANGO 30 sasa palikuwa na KIMYA LANGO 0.5. Mashine ilikuwa imekata, imejaribu, imeweka. Aliusoma ukurasa hadi mwisho, akaufunga, akaosha vikombe.

Simu ilikuwa pale pale mezani. Siku zote ilikuwa kitu cha mwisho cha kazi, na siku hiyo hapakuwa na kazi ya kumalizia. Hakuiinua.

Fanuel alikuwa na kabambe, simu ya vitufe isiyojua mtandao. Kesho yake asubuhi alisoma ukuta wake, akatuma KIMYA LANGO 30. Jibu likaja kama siku zote: Sawa. Kimya 30. Ng'ombe wakapita. Jioni akatuma tena. Ikawa hivyo siku chache, lango limelala usingizi wa saa thelathini juu ya saa thelathini, na kwa kuwa ndovu hawakuja, hakuna aliyejua.

Walikuja alfajiri moja. Peris, mke wa Solomon, alikuwa amekwenda kuangalia pojo zake kabla jua halijawa kali. Alipita karibu na lango kwa sababu ndipo mahali alipopaamini, penye king'ora. Hakikulia. Waliomkuta hawapendi kusimulia walichokiona, na hapa pia hakitasimuliwa.

Kabla maziko hayajafanyika, watu walikuwa wameshapata maelezo. Wachoma makaa hupitisha magunia gizani, na king'ora huwaumbua. Basi Fanuel ameuza kimya. Polisi walimchukua hadi Voi, wakamrudisha kwa dhamana, na chifu akaitisha kikao katika ukumbi wa kanisa ili mashahidi wasikilizwe na faili iamuliwe. Faili ikienda mahakamani, Fanuel angefungwa kwa damu ya jirani yake.

Gabriel, mkurugenzi wa ofisi, alimwita Eddah. "Mama Daisy, ni wewe utakayeongea. Beba mwongozo, onyesha tarehe. Kitabu kilikuwa sahihi kabla ya ajali, sivyo?"

"Kilikuwa sahihi."

"Basi sema hivyo, ukae chini. Sikwambii udanganye. Ukweli mtupu."

Na ulikuwa ukweli. Eddah aliuchapa ukurasa ule, tarehe ikiwa pembeni, tarehe iliyowekwa na mashine yenyewe. Kile alichokiomba kwa aibu ya maziko ya Mraru sasa kilikuwa shahidi, na shahidi huyo hakuwa na doa.

Ukumbini Fanuel aliketi mbele, suruali ameishika kwa mkono kwa kuwa mkanda wake ulibaki kituoni. Gabriel alisimama nyuma karibu na mlango. Eddah alisoma ukurasa, akataja tarehe, na kabla hajamaliza ukumbi ulikuwa umechemka.

"Kumbe kitabu kilisema!"

"Makaa yamempofusha!"

"Muulizeni magunia mangapi!"

Chifu aligonga meza. "Fanuel. Umesikia. Una neno?"

Fanuel hakumtazama chifu. Alimtazama Eddah. "Mimi kitabu sina, mzee. Kililiwa na mchwa, na huyu mama anajua. Nina ukuta. Wakibadilisha, hunipigia simu, nachukua brashi. Miaka yote hii hajawahi kuniruka. Safari hii hakupiga. Nikajua hawajabadilisha."

Hakulisema kwa ukali. Laiti angelisema kwa ukali.

"Ni kweli, mama?" chifu aliuliza.

Eddah bado alikuwa ameshika karatasi. Gabriel, kule nyuma, alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemkataza mtoto kugusa moto.

"Ni kweli," Eddah alisema. "Alisoma alichoandikiwa. Hakuuza kitu. Kitabu kilijirekebisha chenyewe, mimi ndiye niliyetaka hivyo, ili mkono wangu usikosee. Siku ile niliambiwa dakika zimekuwa saa. Nilikuwa naujua ukuta wake. Sikupiga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila kitu kilikuwa kimekwisha kufanywa."

Solomon alikuwa ameketi katikati ya ndugu zake, kofia magotini. Alisimama. "Kwa hiyo si makaa."

"Si makaa, baba."

"Nilikuwa na mtu wa kumchukia," Solomon alisema. "Sasa mnanipa nini? Namba?"

Tryphena, shangazi wa marehemu Peris, bibi mkongwe, aliinuka na kikombe cha maji. Mhubiri wa kanisa hilo aliinamisha macho, wala hakumzuia. Wadawida, watu wa Taita, wana desturi hiyo tangu zamani, kutasa: mwenye hasira hutia funda la maji mdomoni, akalipuliza nje pamoja na maneno ya baraka, na hasira hutoka nalo, ili asije akamdhuru mwenziwe bila kukusudia. Tryphena alimpa Solomon kikombe. Solomon akatia funda. Ukumbi mzima ulimngoja.

Alilimeza. Akarudisha kikombe, akavaa kofia, akatoka nje.

Faili ilifungwa. Fanuel alirudishiwa mkanda wake, lakini hakuna aliyemwambia pole, na langoni hakurudi. Ofisi ilipeleka watu wawili kuomba mtu mwingine ashike zamu, na wakaambiwa wakae wenyewe.

Gabriel hakumgombeza Eddah. Alimwambia tu kwamba mwisho wa mwezi ungekuwa mwisho wa kazi yake, na akamshika mkono. Eddah alimwomba Lewis jambo moja kabla ya kuondoka.

"Ongeza alama nyingine. Mfano ukibadilika, mwongozo usitoke mpaka kila mlinzi apigiwe, na asome kutoka pale anaposoma siku zote. Awe anasoma ukutani, awe anasoma kwenye mti. Wewe uandike alichosoma. Kikitofautiana na programu, taa iwe nyekundu."

"Na mmoja asipopokea?"

"Nyekundu."

Lewis aliifanya siku hiyo hiyo, bila kumuuliza Gabriel.

Mwezi uliofuata Eddah alipanda gari hadi Makwasinyi na kopo la chokaa, brashi na kipande cha msasa. Kibanda kilikuwa tupu, mlango umechukuliwa. Ile KIMYA LANGO ilikuwepo bado, buluu, safi. Ile 30 haikuwepo. Mtu alikuwa ameigonga kwa jiwe, akagonga hata plasta ikadondoka na tofali likaonekana. Hapakubaki kitu cha kupaka chokaa.

Alikwenda kwa Fanuel. Alimkuta uani anachambua kunde, miguu ameinyoosha kama mzee, na hakuwa mzee. Mkewe alileta kigoda, akaingia ndani bila kusalimia. Wakachambua wote wawili. Ndipo simu ya Eddah ikalia.

"Mama Daisy, samahani," Lewis alisema. "Nimebadilisha amri ya taa. Mraru wamenisomea, wengine wote wamenisomea. Makwasinyi hakuna anayepokea. Mashine imegoma, na Gabriel anasema niitoe Makwasinyi kwenye orodha ili mwongozo utoke. Nifanyeje?"

Eddah alimtazama Fanuel. Sauti ya Lewis ilikuwa imesikika yote. Alimnyooshea simu. Fanuel alijifuta vidole kwenye suruali, akaipokea, akaiweka sikioni, akasikiliza kijana akiita halo, halo. Kisha akairudisha.

"Mwambie hakuna mlinzi," alisema, akainamia kunde zake.

"Lewis," Eddah alisema. "Usiitoe. Andika hivyo hivyo: Makwasinyi, hakuna mlinzi."

"Nikiandika hivyo mwongozo hautatoka, mama. Taa itabaki nyekundu."

"Ndiyo," Eddah alisema.