Waya wa Simu Katika Tundu la Mtandao

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alinikabidhi kompyuta ya mpakato, nzito kama tofali. Kilikuwa kituo cha afya cha binafsi, miaka ile vilipoanza kuenea huku Kyela. Mimi nilikuwa karani wa takwimu.

"Anza na matundu ya nyuma," aliniambia. "Mengine utayazoea."

Nilijifunza juujuu. Tundu pana la vishimo ishirini na vitano lilikuwa la printa. La vishimo kumi na vitano, la skrini ya nje. La duara, la kipanya. Pembeni yalikaa mawili ya mraba. Dogo lilikuwa la waya wa simu, ndilo lililotuma barua pepe. Kubwa kidogo lilikuwa la mtandao wa ofisi, ambao hatukuwa nao.

Masika moja mto ulifurika kijijini Ikolo, kipindupindu kikafuata. Dripu zikaanza kutuishia. Niliandika ombi la kwenda mkoani, nikachomoa waya kwenye simu ya mezani, nikauchomeka kwenye kompyuta. Uliingia vizuri tu. Kompyuta ikasema haisikii mlio wa simu. Nilirudia mara tatu, kisha nikamwambia Mganga laini imekatwa na mvua.

Akamtuma muuguzi Mbeya kwa basi. Dripu zilifika kesho yake jioni. Asubuhi ya siku hiyo, kabla hazijafika, alikuwa amefariki Tusekile, mama wa Ikolo aliyezoea kuniita mwanangu.

Mganga alipoigeuza kompyuta aliukuta waya kwenye lile tundu la mtandao.

"Uliurudisha kwenye simu ukasikiliza?"

"Hapana, Mganga."

"Basi hukujua. Ulikisia."

Hakunifukuza. Wiki nzima nilichomeka kila waya mbele yake huku nikiutaja jina. Baadaye nilihamia kituo cha Busale, kisha ofisi ya wilaya, na kila karani mpya nilimfundisha hivyo hivyo. Sababu sikuwaambia.

Nilipostaafu nilikwenda Ikolo kwa mume wa Tusekile. Nilimweleza yote. Akaniuliza matundu hayo yanafananaje. Nikamchorea yote mawili chini kwa kijiti.

Aliinama akayatazama kwa muda mrefu.

"Yanafanana kweli," alisema. Kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Miaka yote hii nilidhani nilichelewa kumfikisha kituoni."