Nyuzi za Fedha za Mdogo Wangu

Mimi ni fundi wa simu hapa Nakuru, na riziki yangu ni vioo vilivyopasuka. Mdogo wangu yuko chuo kikuu, na kazi yake huko ni kutafuta kioo kisichopasuka. Sasa niambie, hapo mapenzi yatapitia wapi?

Jumamosi moja alikuja nyumbani, mtaa wa Section 58, na kipande cha plastiki angavu kama kioo cha dirisha. Akaunganisha betri upande mmoja na taa ndogo upande wa pili, ikawaka. Akaikunja ile plastiki kama chapati na, haki ya nani, taa bado inawaka! Alisema juu yake ametandaza nyuzi za madini ya fedha, nyembamba kuliko unywele, hata jicho halizioni, na ndizo zinazopitisha umeme. Eti siku moja simu zote zitakunjwa hivyo. Jumatatu angeionyesha kwa walimu wake. Alikuwa amehangaika miezi mingi, na ni hiyo moja tu iliyotoka vizuri.

"Woi, mtoto wangu!" Mama akapiga makofi. Simu yake mimi nimeitengeneza mara ngapi? Sijawahi kupigiwa makofi. Wivu ulinikaba, nasema wazi.

"Usiguse hapo juu, mama," mdogo wangu akamwambia. "Hizo nyuzi zimelala tu hapo, zinaweza kutoka."

Mimi nilikuwa jikoni namimina chai, na masikio yangu hayana shida.

Kesho yake wageni walikuja kutoka kanisani, na mama akaniagiza niwaletee ile plastiki waione. Niliikuta mezani, ina alama ya kidole. Nikatia spiriti kwenye kitambaa changu cha kazi, nikaipanguza, nikaipeleka sebuleni.

Taa ilikataa kuwaka. Mdogo wangu akabadilisha betri, akageuza waya, kisha akainusa plastiki na kuketi.

"Umeipanguza?"

"Si ilikuwa na alama ya kidole."

Mama akanitetea mbio. "Mwache. Mkono wa fundi umezoea."

Mdogo wangu alikuwa analia, na bado akanishika bega. "Si makosa yako. Ni mimi sikukwambia."

Nikaitikia kwa kichwa, na mpaka leo anaamini hivyo. Lakini kioo cha mteja mimi hukipanguza mara moja tu, polepole. Hiyo plastiki niliisugua mpaka kitambaa kikakauka.